Namba Kumi na Nne, Jukwaa la Kaskazini

Jumamosi ya pili ya Septemba, saa tatu na nusu asubuhi, Bi Verlene Tubbs alikuwa ameshafungua Geti la Tisa la uwanja wa mpira wa Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Hembree, amefuta kimashine cha kusomea tiketi kwa pindo la shati, na amekaa kwenye kiti chake cha kukunja kungoja watu. Alikuwa akimwomba Mungu wasije. Nywele zake alizifumua tangu alfajiri, akazitia mafuta na kuzichana, na sasa zilisimama kichwani nyeupe pepepe, hata kofia ya kazi, ile ya rangi ya damu ya mzee, ikakataa kukaa. Aliivua akaitundika kwenye mgongo wa kiti.

Hoyt Lasseter wa Geti la Nane, mzungu mnene aliyestaafu posta, alikitazama kichwa hicho huku akitafuna karanga za kuchemsha.

"Leo umejipanga, Bi Verlene. Unategemea wageni?"

"Nategemea wasije."

"Basi kaa kwa raha zako. Nimepita maegesho sasa hivi. Kuna magari, nisikudanganye, kumi na moja. Na mawili ya polisi."

"Mungu ni mwema."

"Chuo cha Mtakatifu Lydia! Hata wanatoka wapi sijui. Wiki iliyopita wamepigwa sitini na tatu kwa sufuri. Leo nyumba zenu zitatoka mpaka na vyoo vya uani, we ngoja tu."

Bi Verlene hakukasirika. Hoyt alikuwa mtu mwema kwa kadiri watu wa hapo walivyojaliwa wema, na alichosema kilikuwa kweli.

Uwanja wa Hembree unachukua watu elfu sitini na moja, na kila mtu mjini anajua kwamba watu hao hawaji kumwona Hembree. Wanakuja kumwona mpinzani. Wakija Stovall, chuo cha ng'ambo ya mto, hakuna anayebaki nyumbani. Kuna mwaka Hembree walipoteza mechi kumi na moja mfululizo, ya kumi na mbili ikawa ya Stovall, mvua ya mawe ikinyesha, na watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Bwana harusi mmoja alikuja na suti yake, bibi harusi kamshika mkono, padri nyuma. Watu wa Alabama hawawezi kukaa sebuleni mtu wanayemchukia yuko mjini. Lakini wakija wale wadogo, vyuo vinavyoalikwa waje wapigwe ili Hembree ajihesabie ushindi, tiketi hupewa wakwe, wakwe huwapa majirani, na majirani hukumbuka ghafla kwamba wana majani ya kukata.

Na mahali watu wanapokosekana, Mtaa wa Hackberry hutoka. Jambo hili halina siri. Mabenchi ya jukwaa la kaskazini hujikunja, zege hunywea taratibu kama maandazi yaliyokosa hamira, na bomba la moshi la nyumba ya kwanza huchomoza katikati ya safu ya kumi. Siku za kawaida uwanja ukiwa umefungwa hakitoki kitu, kwa sababu kiti ambacho hakuna aliyealikwa kukikalia si kitupu, kimefungwa tu. Ni pale watu wanapoalikwa wakakataa kuja ndipo ardhi hudai chake, tangu mpira unapoanza mpaka filimbi ya mwisho. Mtangazaji huwaomba mashabiki wa safu za chini waangalie kamba za kuanikia nguo, nao huinama wakapita.

Bwana Prewitt, mkuu wa tiketi, ana jedwali ukutani ofisini kwake. Watu wakipungua elfu arobaini na tano, hutoka mabomba ya moshi. Elfu thelathini na nane, mnara wa kanisa la Mlima Nebo, ambao unaziba kamera ya televisheni. Elfu thelathini, nyumba namba mbili, nne, sita, hivyo hivyo hadi kumi na mbili, pamoja na kuku wao. Wakipungua elfu ishirini na sita hutoka namba kumi na nne, nyumba ya mwisho, ya akina Tubbs. Hilo lilikuwa limetokea mara kumi na tatu tu katika miaka hamsini na nane.

Mtaa ule ulikuwa wa watu weusi, nyumba saba za mbao na kanisa. Chuo kiliutaka kwa ajili ya jukwaa jipya, kwa sababu Stovall walikuwa wamejenga la kwao na Hembree hawakulala usingizi tangu siku hiyo. Ndiyo sababu yenyewe, na imeandikwa. Basi wakaanza kuja watu wenye karatasi. Ola Tubbs, mama yake Verlene, mjane wa miaka thelathini na sita aliyefua nguo za walimu wa chuo, alikuwa na dawa moja kwa mtu yeyote mwenye karatasi, awe wa bima, wa kodi au wa chuo. Hakujitokeza. Alimtuma mtoto mlangoni. "Sema sipo." Watoto wote wa Hackberry walijua kusema hivyo kabla hawajajua kusoma.

Alhamisi moja ya mwaka 1966, Verlene ana miaka kumi na tatu, amekaa sakafuni jikoni katikati ya magoti ya mama yake, kichwa kimesukwa nusu, zikasikika mashine za kubomolea. Ola akamsukuma begani kidogo. "Nenda. Sema sipo." Verlene akatoka. Nje palikuwa na mtu mwenye ubao wa kuandikia, akamwuliza kama kuna mtu ndani. "Mama hayupo," akasema. Yule mtu akaandika sufuri. Hakuingia kutazama. Verlene akaenda kusimama ng'ambo ya barabara, akidhani watabandika karatasi mlangoni waende zao kama siku zote. Walianza na namba kumi na nne kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mashine.

Ripoti ya chuo mpaka leo inasema nyumba ilikuwa tupu.

Alipokua, Verlene aliomba kazi ya geti, akapewa. Hakuitaka kwa ajili ya mpira, ambao hajawahi kuupenda. Alikuwa na neno moja la kumwambia mama yake: kwamba mimi ndiye niliyewaambia hupo. Lilimkaa kifuani kama mfupa wa samaki tangu Alhamisi ile. Namba kumi na nne ikitoka, Ola hutoka nayo, na humketisha bintiye amsuke; lakini hataki mtu anayesukwa aongee, kichwa kinasogea na mistari inapinda, na kusuka kwake hakuna haraka, ni saa nne kamili kwa mistari kumi na sita. Mechi huchukua saa tatu na robo tu. Mara moja Verlene aliamua liwalo na liwe, akafungua mdomo kwenye mstari wa tisa. Alipigwa chanuo la utosi, mistari yote tisa ikafumuliwa, wakaanza upya mpaka filimbi ikalia. Tangu hapo alinyamaza, akaomba tu kichwa kiishe kabla ya filimbi, apate kusema.

Saa nne asubuhi hiyo Bwana Prewitt alikuja mwenyewe mpaka Geti la Tisa. Alikuwa mwanaume mrefu, mstaarabu, mwenye mikono laini, na alikuwa na tabia ya kuinama akiongea na wazee.

"Habari za asubuhi, Bi Verlene."

"Nzuri, Bwana Prewitt. Za kwako?"

"Nimesema nije nikwambie kwa mdomo wangu, usije ukasikia redioni. Hawa Mtakatifu Lydia ndio wa mwisho. Mwakani hatualiki tena hawa wadogo. Mechi zote saba za nyumbani ni za wakubwa watupu."

Bi Verlene alikizungusha kimashine mikononi. "Kwa nini?"

"Mahudhurio, Bi Verlene. Ukimleta mtu ambaye hakuna anayemchukia, watu hawaji. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza. Na wadhamini wananipigia simu, wanauliza yale mapaa kwenye televisheni ni ya nani."

"Unawaambia ni ya nani?"

"Nawaambia ni mabanda ya muda."

"Miaka hamsini na nane, Bwana Prewitt."

"Na sasa muda wake umekwisha," alisema Prewitt kwa upole. Alimpigapiga begani. "Nakuheshimu kama shangazi yangu. Nenda leo ukakae naye. Hoyt atakuangalizia geti."

Mpira ulianza saa tano, jua la kupasua kichwa. Saa tano na nusu hesabu ilikuwa watu elfu ishirini na tano mia nne, na mtangazaji akatangaza elfu hamsini na mbili, maana chuo huhesabu tiketi zilizotoka, si watu waliokuja. Katikati ya safu ya ishirini na safu ya thelathini na moja paa la bati la namba kumi na nne lilijitokeza, likafuata dirisha, kisha mlango. Bi Verlene alifunga kamba mbele ya geti, akaacha kofia kwenye kiti ili watu wajue kuna mwenyewe, akapanda ngazi.

Ola alikuwa jikoni kwenye kiti chake, chanuo tayari mkononi. Kambale wa kukaanga walikuwa mezani wamefunikwa kitambaa.

"Umechelewa. Kaa."

Kukaa chini kulimchukua Bi Verlene muda. Alishika meza, akashika mlango wa jiko, akateremka goti moja, akapumzika.

"Unashuka kama bibi kizee," alisema mama yake, ambaye alikuwa mdogo kwake kwa miaka thelathini na mitano. "Nani kakuchana hivi?"

"Nimejichana mwenyewe."

"Inaonekana. Haya, funga mdomo."

Vidole viliingia kichwani, na Bi Verlene akafumba macho. Raha yake haisemeki. Ola alisuka akisengenya watu waliokufa miaka arobaini iliyopita: Shemasi Yancey na meno yake ya kununua, mke wa mwalimu fulani anayeleta shuka zenye mambo kisha anasalimia watu kwa mwisho wa pua. Nje mpira ulikwenda unavyotakiwa. Hembree walipata saba, wakapata kumi na nne, wakapata kumi na saba, na kila walipopata, wachache waliokuwapo walipiga makofi kama watu kwenye mahafali ya mtoto wa jirani. Wanafunzi waliondoka mapumziko. Mstari wa nane ukaisha.

Mtakatifu Lydia ni chuo kidogo cha watu weusi huko chini kusini mwa jimbo. Nusu ya wale vijana waliokuwa wakiangushwa kule uwanjani ni wajukuu wa watu kama wa Hackberry, na Bi Verlene alijua. Alikaa sakafuni kwa mama yake akiomba waangushwe zaidi, wapigwe polepole, kwa kuchosha, mechi iwe ndefu na ya kipuuzi. Aliona aibu ya kuomba hivyo, na aliendelea kuomba.

Kwenye mstari wa kumi na moja uso wa Hoyt ulitokea dirishani, redio sikioni.

"Bi Verlene, kuna shida. Hawa watoto wamezinduka."

Bi Verlene alinyanyua mkono kuuliza kiasi gani.

"Kumi na saba kwa kumi na nne. Na mpira wanao wao."

"Mwambie huyo mzungu sipo," alisema Ola.

"Hana karatasi, mama."

"Tuliza kichwa!"

Robo ya tatu kati ya nne za mchezo ikaisha. Kwa desturi ya Hembree, ikiisha robo ya tatu mageti huachwa wazi, anayetaka aingie bure, maana kwa kawaida hakuna kilichobaki cha kutazama. Lakini siku hiyo simu zilikuwa zimeanza kulia mji mzima. Hembree wanakaribia kufungwa na Mtakatifu Lydia! Kufungwa na chuo ambacho hata basi lake liliazimwa kanisani! Hii haikuwa tena mechi na mdogo asiyechukiwa. Ndani ya dakika ishirini walichukiwa vya kutosha. Watu waliacha mashine za majani katikati ya bustani, waliacha nyama motoni, wakaja mbio na ndala. Barabara ya mjini inaishia Geti la Tisa, na pale palikuwa na kamba na kiti na kofia. Waliiruka kamba. Wengine waliinua kofia zao kwa adabu kabla hawajaruka.

Kutoka ni kwa jedwali, lakini kurudi ni kwa benchi iliyokaliwa, kuanzia za chini: kuku wa namba mbili walikwenda kwanza. Kisha nyumba zenyewe, moja moja, benchi zikipanda juu ya vibaraza watu walivyozidi kukaa. Mnara wa Mlima Nebo ulizama na kengele yake ikalia mara moja. Jikoni mwa namba kumi na nne vikombe vilitetemeka kabatini.

"Wana nini hao?" aliuliza Ola, haachi kusuka.

Filimbi ya mwisho ilipokaribia, vijana wa Mtakatifu Lydia walipiga teke, mpira ukapita katikati ya milingoti, na mechi ikawa sare ishirini na nne kwa ishirini na nne. Muda wa nyongeza. Bi Verlene alihesabu kwa vidole: mstari wa kumi na tatu. Katika maisha yake hajawahi kufika kumi na tatu. Muda ule ule uliokuwa ukimpa mistari ndio uliokuwa ukileta watu, na hakuwa na la kufanya ila kukaa kimya na kushika magoti ya mama yake. Kumi na nne. Ukuta wa uani ulishuka, na mahali pake zikaonekana soli za viatu. Kumi na tano.

Hodi ikapigwa mlangoni. Ni utaratibu wa chuo kwamba kabla jukwaa halijarudi sharti mtu apite kuuliza, kwa usalama. Alikuwa Hoyt, kapewa ubao na fomu, jasho linamtiririka.

"Samahani, Bi Verlene. Nimetumwa niulize kama kuna mtu ndani."

Vidole vya Ola vilisimama. Mstari wa kumi na sita ulikuwa ndiyo kwanza umegawanywa. Akamsukuma bintiye begani, kidogo, kama anavyosukumwa mtoto.

"Nenda. Sema sipo."

Bi Verlene alishika mlango wa jiko, akashika meza, akasimama. Alikwenda mpaka kizingitini, nusu ya nywele za kisogoni zimemwagika. Nyuma ya Hoyt alimwona mtu aliyejipaka rangi usoni akipanda kutafuta pa kukaa.

"Yupo," akasema.

"Nani?"

"Mama yangu. Ola Tubbs, miaka thelathini na sita. Yupo ndani, amekaa kwenye kiti cha jikoni. Andika, Hoyt."

Hoyt alizitazama safu za fomu, akazitazama tena.

"Ana tiketi?"

"Hana."

"Basi sina pa kumwandika. Kuna pa wenye tiketi na kuna pa sufuri."

"Mwandike pembeni."

"Pembeni mashine haisomi, Bi Verlene. Haki ya Mungu ningeandika." Akaandika sufuri. "Toka sasa, tafadhali. Safu ya ishirini inarudi."

Bi Verlene aligeuka. Mama yake alikuwa amesimama, chanuo mkononi, uso umekunjamana.

"Nimekwambia useme nini?"

"Mama, siku ile mimi ndiye niliyewaambia hupo. Nilitaka kukwambia. Mimi ndiye niliyesema."

"Si mimi niliyekutuma? Nilikusikia. Ulisema vizuri, sauti haikutetemeka. Nilikuwa najua wamekuja na nini safari hii. Nilikutoa wewe, mimi nikabaki kwangu." Ola alisogea karibu. Alikuwa mfupi kuliko bintiye. "Siku ile ulinitunza. Leo umenitaja jina mbele ya mtu wa karatasi. Na mvi zako hizo zote! Hata uongo mmoja niliokufundisha umekushinda?"

Akamfinya sikio, kwa nguvu, kama zamani.

"Haya, toka, nisikuone."

Bati la paa likapiga kelele. Bi Verlene alinyoosha mkono akagusa aproni, kisha akawa ameshika fulana ya mtu. Alikuwa amesimama safu ya ishirini na mbili, kushoto kwake yule mwenye rangi usoni, kulia mwanamke anayekula soseji.

"Mama, kaa chini bwana, unatuziba!" mtu akapiga kelele nyuma yake.

Alikaa. Benchi ilikuwa ya moto kwa jua. Alipiga mkono kwenye bati la benchi, mara moja, mara mbili, kisha kwa ngumi zote mbili, akilia kwa sauti, na watu waliomzunguka walifurahi wakaanza kupiga mabenchi naye, kwa mpigo mmoja, mpaka jukwaa zima la kaskazini likawa linanguruma. Kule chini, katika nyongeza ya tatu, teke la Mtakatifu Lydia liligonga mlingoti na kurudi. Hembree walishinda. Mwenye rangi usoni alimkumbatia Bi Verlene akambusu shavu.

"Mechi ya maisha yangu hii! Nisingeikosa kwa lolote!"

"Umekuja saa ngapi?" aliuliza Bi Verlene.

"Sasa hivi tu."

Mtangazaji akatangaza mahudhurio ya mwisho, safari hii kwa vichwa: watu elfu sitini na moja mia mbili na nne. Watu wakajipigia makofi.

Jumatatu Bi Verlene alikwenda ofisini kwa Bwana Prewitt. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani. Prewitt alimvutia kiti, akamtilia chai ya baridi yenye sukari, na akampa bahasha yenye barua mbili. Moja ilikuwa ya onyo, kwa kuacha geti bila mtu. Ya pili ilikuwa ya shukrani, kwa sababu watu elfu kumi na nane walikuwa wamepitia geti hilo na rekodi ya mechi za Septemba imevunjwa.

"Kuna ripoti ya zamani," alisema Bi Verlene. "Ya mwaka sitini na sita. Inasema namba kumi na nne haikuwa na mtu. Nataka iandikwe kwamba alikuwapo mtu mmoja. Sitaki fidia. Nataka sufuri ifutwe, iandikwe moja."

Prewitt alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na macho ya huruma, hilo halina ubishi.

"Mahudhurio yakishatangazwa hayabadilishwi, Bi Verlene. Hata ningetaka. Tukirudi nyuma kubadilisha moja, Stovall wataanza kuuliza habari za mengine. Unawajua wale."

"Nawajua."

"Basi unanielewa." Akamsogezea chai. "Kunywa, barafu inayeyuka."

Alikunywa, kwa kuwa ilikuwa imeshatiliwa, na Jumamosi iliyofuata akarudi kazini.

Mwaka uliofuata walikuja wakubwa watupu. Hakuna mechi iliyopungua watu elfu hamsini na nane. Si bomba la moshi wala kamba ya nguo iliyoonekana, wadhamini wakaacha kupiga simu, na jedwali la ukutani kwa Bwana Prewitt likaondolewa, pakawekwa picha ya uwanja uliojaa, imepigwa kutoka angani. Mwezi wa kumi na moja wakaja Stovall wenyewe. Wageni hupewa jukwaa la kaskazini, ambako jua linachoma machoni mchana kutwa, na wakifika kule wana mchezo wao wa kurukaruka pamoja kwa kuimba, maelfu kwa mpigo, ili Hembree wasisikie wanachoambizana uwanjani.

Saa nane mchana foleni ya Geti la Tisa ilikuwa imefika barabarani. Kijana mmoja wa Stovall, shingo nene, fulana ya kijani, aliinua tiketi yake.

"Mama, safu ya ishirini na mbili, kiti cha sita, napandia wapi?"

"Nyoosha tu na hizo ngazi. Utakuwa jikoni, karibu na dirisha."

Kijana alidhani ndivyo watu wa Hembree wanavyoongea. "Kule mtu anaona vizuri?"

"Anaona yote."

"Safi sana." Akawageukia wenzake waliokuwa nyuma, akakunja ngumi juu. "Leo tumekuja kuwazika hawa!" Foleni nzima ikaitikia kwa kishindo, ikicheka, na yeye akamkonyeza Bi Verlene, kwa utani, bila ubaya wowote.

Bi Verlene aliweka kimashine juu ya tiketi yake. Kikalia.

"Karibuni," akasema, akanyoosha mkono kupokea ya mwingine.